Mashine ya Mzee na Stoo Yetu

Ofisini kwetu Ngarenaro, ghorofani, juu ya karakana ya wachomelea mageti, alikuwepo mtu mmoja tu aliyeweza kuwatuma watu wazima chai, na hakuwa bosi. Alikuwa Mzee. Tulimwita Mzee kwa sababu alituzidi wote umri, mvi zimemzunguka masikio, na kwa sababu mashine ilikuwa yake.

Inabidi niieleze hiyo mashine, maana nje ya kazi yetu hakuna anayeijua, na ndani ya kazi yetu wamejaa wanaojifanya wanaijua. Tulikuwa tunatengeneza programu ya simu kwa ajili ya chama cha wafugaji, watu wa magharibi ya Meru wanaopeleka maziwa kwenye vituo. Karani wa kituo anapima lita, anaangalia kama maziwa yameongezwa maji, anabonyeza simu, taarifa inakwenda. Lakini simu haijui kitu mpaka mtu aiandikie kodi. Nasema kodi hii ya kompyuta, yaani maagizo yake, ile nyingine ya kulipa tuwaachie wenyewe. Kodi yetu ilikuwa ndefu kupita kiasi. Ungeichapa kwenye karatasi ungetandika barabara kutoka Ngarenaro mpaka Terrat, na nyingine zikabaki za kufungia maandazi.

Hakuna binadamu aliyeiandika yote hiyo. Mzee alikuwa ameandika faili moja fupi la maelezo: mfugaji ana jina, ana kituo, maziwa yana lita, yana kipimo. Kisha akaunda programu nyingine, ndiyo hiyo tuliyoiita mashine. Unailisha maelezo, inakutemea kodi nzima, ya simu na ya seva, ile kompyuta kuu inayopokea taarifa, kabla chai haijapoa. Ukibadili neno moja kwenye maelezo, inatema upya kila mahali neno hilo linapohusika. Ilikuwa kazi nzuri, na nasema hivyo mimi ambaye si mwepesi wa kusifu watu walionituma chai.

Tatizo ni kwamba ilikubali kuwaka kwenye kompyuta ya Mzee peke yake. Ukiijaribu kwenye kompyuta nyingine inagoma. Inadai toleo la kale la kifaa fulani ambalo lilipatikana mezani kwa Mzee na labda peponi. Kompyuta yenyewe ilikuwa nzito hata Mlima Meru ukijilinganisha nayo ulijiona umekonda. Feni yake ilinguruma, mafundi wa chini wakadhani tuna jenereta.

Basi ukitaka kodi mpya, unakwenda kwa Mzee. Unasimama pembeni ya meza. Unasema, "Shikamoo, Mzee."

Anaendelea kusoma gazeti.

"Shikamoo yako nimeisikia," anasema baadaye. "Bado haijaiva. Kalete chai, ukirudi itakuwa imeiva."

Unakwenda. Tulikwenda wote. Mimi nilikuwa nimesoma masomo ya jioni. Mchana nachomelea mageti pale pale chini, jioni navua miwani ya moto na kuvaa akili. Siku niliyohitimu mama yangu alipiga vigelegele mpaka ng'ombe wa jirani wakakatisha maziwa. Safari yangu ya kutoka karakana hadi ofisini ilikuwa ya ngazi za chuma tu, tena nilizozichomelea mwenyewe, na sijawahi kusafiri mbali kama siku ile. Kwa hiyo kumletea Mzee chai hakukunipunguzia kitu. Lakini tulikuwa na mwenzetu aliyetoka chuo kikuu moja kwa moja, shati limenyooka kama ubao, na yeye chai ile ilimkaa kooni. Mzee alimbatiza Msomi siku ya kwanza tu.

"Msomi, umesomea nini huko?"

"Uhandisi wa programu, Mzee."

"Na kuleta chai hawakufundishi? Basi hapo umedhulumiwa."

Tukacheka wote. Ofisi yetu ilikuwa ya kucheka. Tulimcheka aliyechelewa, tulimcheka aliyeachwa na mchumba, tulimcheka anayesema "r" mahali pa "l". Mimi walinicheka kila siku. "Wa jioni, jua limechwa, ndiyo unaanza kuelewa?" Nami nilijibu kwa kucheka kuliko wao. Msomi hakucheka. Aliweka moyoni.

*

Sasa, kila ofisi ya kazi hii ina stoo. Ni mahali ndani ya kompyuta ambapo kila badiliko la kodi huwekwa na kukumbukwa: nani kabadili, kabadili nini, ili mtu akiharibu tuweze kurudi nyuma kabla hajaharibu. Mzee aliweka stoo faili lake la maelezo na programu ya mashine. Kodi iliyotemwa na mashine hakuiweka, na hakuruhusu mtu aiweke. Ndicho kisa chote hicho. Watu wamegombana kwa mipaka ya mashamba, sisi tuligombana kwa hilo.

Ilianza Mzee alipofiwa na shemeji yake. Akapanda mlimani kwao Umeruni, akazima simu kama inavyopasa mtu aliye msibani. Siku hizo hizo chama cha wafugaji kikataka simu ipokee na joto la maziwa. Kwenye maelezo lilikuwa neno moja. Lakini neno moja bila mashine ni sawa na punje moja ya hindi mdomoni mwa mwenye njaa. Tukakaa. Makarani wakapiga simu, tukajificha. Msomi akajaribu kuiwasha ile kompyuta ya Mzee, ikamwomba neno la siri. Akabahatisha majina ya wajukuu wote wa Mzee, ikamfungia kabisa. Tukangoja mpaka matanga yalipoisha.

Mzee aliporudi, Bosi akaita kikao. Bosi wetu alikuwa mama wa Kichaga, wa familia ya wafanyabiashara na Walutheri wa kwaya, mpole wa sauti. Sauti ile ilikuwa inaweza kukukata bila wewe kusikia kisu.

"Mzee, pole sana kwa msiba."

"Nimeshapoa, binti yangu."

"Lakini naona wewe ukifiwa, ofisi nzima inafiwa."

Msomi akatoa kicheko, cha kwanza tangu aajiriwe.

"Nimeambiwa," Bosi akaendelea, "kwamba ile kodi inayotoka kwenye mashine, tukiiweka stoo, mtu yeyote anaweza kuichukua na kuendelea na kazi. Kwa nini haiwekwi?"

Mzee akajiegemeza. "Stoo ni ya kuweka kitu alichoandika mtu. Hii hakuandika mtu. Nyumbani kwenu mnahifadhi mahindi au mnahifadhi unga?"

"Nyumbani kwetu tunanunua unga dukani, Mzee," akadakia Msomi. "Uko kwenye paketi. Haumsubiri mtu atoke msibani."

Hapo tulicheka mpaka mafundi wa chini wakazima mashine zao wasikie kuna nini. Mzee hakuzoea kuchekwa. Akaongeza sauti.

"Mkiiweka stoo mtaishika! Nawajua. Mtu ataona kosa, badala ya kwenda kwenye maelezo ataanza kuchokonoa humo humo. Siku mashine ikisaga upya, alichochokonoa kimekwenda na maji. Ndiyo maana nasema isikae."

"Au," akasema Msomi taratibu, "isisage tena."

Nilimwona Bosi akigeuza kichwa, akamwangalia Msomi kwa muda, kama mtu anayeangalia nguo dukani ambayo mwanzo hakuiona. Na Mzee naye aliona. Nadhani wote tulielewa kwa mara moja: maadamu kodi haikuwemo stoo, ofisi haikuweza kuishi bila Mzee. Ikiingia, inaweza. Tulikuwa tukibishana kuhusu unga, na kilichokuwa kinapimwa ni kiti cha mtu. Kwa umri wake ule hakuna ofisi nyingine Arusha ingempa kiti. Wangempa soda, wangemsikiliza kwa heshima zote, wangemsindikiza mpaka getini.

"Na wewe wa jioni, unasemaje?" Bosi akaniuliza.

"Mimi nakula ugali, Bosi. Wa unga wowote."

Wakacheka. Bosi akasema, "Iwekwe."

Mzee aliiweka mwenyewe, mchana ule ule. Alikuwa na kiburi cha kutotaka mtu mwingine aguse. Nilikuwa nyuma yake. Mistari ilipita kwenye kioo kama mvua ya masika, na yeye aliitazama inavyopita huku akisema kwa sauti ya chini, "Haya. Haya. Haya."

*

Kwetu pale toleo jipya likishafika kwa wateja, mbuzi alichinjwa. Nyuma ya karakana kulikuwa na uwanja mdogo. Mafundi walitengeneza jiko la kuchomea kwa pipa lililokatwa, na harufu ilipanda mpaka nadhani malaika wa zamu walikuwa wakiinama. Bosi ndiye aliyekata. Wanawake kwao kwa kawaida hawagawi, lakini yeye alisema ofisi ni boma lake na kisu ni chake, na nani angembishia. Isipokuwa mgao wenyewe aliufuata sawasawa kama kwa baba yake. Watu wa mlimani, wa Kilimanjaro na wa Meru pia, nyama kwao haigawiwi kwa njaa. Kila kipande kina mwenyewe. Ukipewa kipande unajua ulipo, ukinyimwa unajua ulipotolewa. Ofisini kwetu kidari kilikuwa cha Mzee. Mwaka nenda mwaka rudi, Bosi alikata kidari kwanza, akakiweka kwenye sahani peke yake, akampelekea kwa mikono miwili.

Siku toleo la joto la maziwa lilipofika kwa wateja, mbuzi alikuwa mnono. Mzee alikaa kwenye kiti chake cha plastiki, leso imeshatandikwa gotini. Bosi akakata kidari. Akakiweka kwenye sahani peke yake. Akatembea nacho, kwa mikono miwili, akampita Mzee, akamkabidhi Msomi.

Mafuta yakaendelea kudondokea makaa.

Mzee akadhani ni bahati mbaya. Au alitaka tudhani anadhani hivyo. Akacheka kidogo. "Binti yangu, umekosea mkono."

"Sijakosea, Mzee," akasema Bosi kwa ile sauti yake. Akarudi mezani, akakata shingo, kipande cha mifupa, akamletea kwa mkono mmoja.

Msomi hakujua pa kuangalia. Yeye ni mtu wa pwani kwa mama, desturi hizi kwake ni hadithi, alikuwa ameshang'ata. Mtu mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Kala cheo." Halafu, Mungu atusamehe, kikaja kicheko. Kilianzia upande wa mafundi, kikapita kwa wahasibu, kikafika kwetu. Kilikuwa kile kicheko kinachotoka mtu akianguka kwenye tope, kabla hujajua kama ameumia.

Mzee alikula shingo ile yote. Aliitafuna polepole, akanyonya mifupa, akaipanga ukingoni mwa sahani. Akafuta mikono. Akasema, "Nyama imeiva vizuri," akainuka akaenda zake.

Barua ilikuja Jumatatu. Ilikuwa na maneno mengi mazuri kuhusu mabadiliko ya muundo. Sijui kwa nini walisumbuka kuichapa.

Kompyuta yake ilifutwa safi, ikakabidhiwa mhasibu, ambaye alilalamika kuhusu feni.

*

Tukaanza kuishi kwa unga wa stoo. Mwanzoni, nikiri, ulikuwa mtamu. Mtu akitaka kodi anachukua. Hakuna kusimama pembeni ya meza ya mtu, hakuna shikamoo inayosubiriwa iive. Msomi alipandishwa, akakalia kiti cha Mzee, akabadilisha mto wa kiti.

Kisha chama cha wafugaji kikaleta ombi: simu zitenganishe maziwa ya asubuhi na ya jioni. Kwa mashine lingekuwa neno moja kwenye maelezo. Mashine haikuwepo, yalikuwepo maandishi yake stoo, lakini mahali pa kuwakia palikuwa pamegeuka kuwa kompyuta ya mishahara. Kwa hiyo tukaingia kwenye kodi iliyotemwa, kwa mkono. Ilikuwa kodi isiyoandikwa isomwe na mtu. Majina yake marefu kama treni ya mizigo. Jambo moja limerudiwa sehemu zisizo na idadi. Unabadilisha hapa, unabadilisha pale, unashusha pumzi, na nyuma yako kuna pengine. Tulichokonoa, nasema tulichokonoa, wiki nzima, vidole vikaota sugu kuliko nilivyokuwa karakana. Tukamaliza. Tukasukuma kwa wateja. Mbuzi akaliwa.

Katibu wa chama hakupiga simu. Alikuja. Mtu mzima wa Kiarusha, fimbo mkononi, viatu vya matairi, akapanda ngazi zangu za chuma mpaka kwenye meza ya Bosi.

"Mama, nina swali la ng'ombe."

"Karibu, baba, shikamoo."

"Marahaba. Ng'ombe wangu asubuhi anatoa maziwa. Simu yenu inakubali. Jioni napeleka maziwa yake kituo cha pili, simu yenu inasema sifuri. Sasa nauliza, ng'ombe wangu jioni anageuka dume?"

Hakuna aliyecheka, ingawa swali lilistahili kicheko. Vituo vingine vilikuwa vinasoma jioni vizuri, vingine vinaimeza kwenye asubuhi, vingine vinaitupa. Wafugaji walikuwa wameanza kuwashika makarani mashati. Katibu akasema mpaka mwisho wa mwezi, zaidi ya hapo chama kitatafuta watu wengine, "hata wanaotumia karatasi." Chama kile ndicho kilichokuwa mteja wetu mkubwa, kikiondoka tungebaki tunachomelea mageti sote, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na ujuzi.

Msomi akasema ataiwasha mashine. Alijaribu kwa namna zote alizosomea. Iligoma kwa namna zote alizosomea.

*

Bosi alinichukua mimi kwenda kumtafuta Mzee, kwa sababu alisema mimi sina aibu. Tukapanda Umeruni, njia ya vumbi katikati ya migomba na kahawa, mpaka kwa kaka yake Mzee. Mzee alikuwa uani anakatakata majani ya ng'ombe. Alikuwa amekonda. Mvi zilikuwa zimefika utosini. Kaka yake alikuwa amekaa kivulini, anamwangalia akikata.

"Hawa ndio waliokufukuza?" kaka akauliza, bila kuitikia hodi yetu. "Wamekuja kuchukua na viatu?" Kisha kwetu: "Amenipa taabu huyu. Alituambia mjini hawawezi kufanya kitu bila yeye. Tukamsikiliza miaka yote hiyo! Tukampa na heshima! Sasa hata majani anakata marefu, ng'ombe wanakabwa."

"Shikamoo, Mzee," akasema Bosi.

Mzee akaendelea kukata. Panga likashuka, likapanda.

"Nimeisikia," akasema. "Bado haijaiva."

Bosi alisimama kwenye jua, viatu vyake vya kisigino vikizama kwenye samadi. Sijui tulisimama pale kwa muda gani. Kwa hesabu zangu kahawa ilichanua, ikazaa na ikavunwa. Hatimaye Mzee akaweka panga chini.

"Nitakuja," akasema, "mkifanya kitu kimoja. Ile kodi mliyoiweka stoo, iondoeni. Yote. Na mlichochokonoa humo. Mbele ya watu, kama ilivyowekwa."

"Na tukishaiondoa?"

"Nitaisaga upya, na haitawekwa tena."

Bosi akakubali haraka mno. Nilidhani ni kwa shida aliyonayo.

Kazi ya kuifuta nilipewa mimi. Ofisi nzima ilisimama nyuma yangu, Mzee ameshika mgongo wa kiti changu. Wiki nzima ya vidole vyetu, vya Msomi zaidi, ilikuwa humo. "Futa," akasema Mzee. Nikafuta. Msomi akatoka nje, tukasikia ngazi zikilia chini ya miguu yake. Mzee akacheka, kicheko kirefu na kibaya, na baadhi yetu tukamsaidia kucheka, maana tulikuwa watu wa kumsaidia anayeshinda.

Ila mashine haikuwa na mahali pa kuwakia, na ilibidi Mzee aanze upya: akumbuke kila kifaa cha kale ilichotaka, akitafute, akipange. Bosi akasema Msomi akae naye. Nikajiandaa kwa vita. Ajabu, Msomi alikuja mpole kama maji ya mtungi. Siku ya kwanza alileta chai bila kutumwa.

"Shikamoo, Mzee. Naomba kuuliza. Hiki kifaa, kwa nini toleo hili na si jipya?"

Mzee akamwangalia. Akamweleza. Kesho yake akauliza tena, na siku iliyofuata, na maswali yalikuwa mazuri, yale ambayo kila swali linafungua mlango wa jingine. Mzee alikuwa hajawahi kuulizwa. Miaka yote sisi tulikuwa tunataka atupe kodi tuondoke. Sasa alieleza kwa mikono, kwa michoro, alisahau hata chakula cha mchana. Alimwambia kwa nini alijenga hivi na si vile, wapi alikosea akarekebisha, wapi mashine ina kilema na namna ya kukizunguka. Na kila alichosema Msomi alikigeuza kuwa amri za kompyuta, papo hapo, moja baada ya nyingine, kwa ajili ya seva.

Nilimkuta Mzee kwenye ngazi akipunga hewa. Nikamwambia, "Mzee, unamfundisha atakayekuzika."

"Najua."

"Sasa?"

"Mwache," akasema. "Anauliza vizuri."

*

Siku ya kuonyesha, Bosi alimwalika katibu wa chama. Tulikusanyika mbele ya kioo kikubwa. Bosi akamwomba Mzee abadilishe neno moja tu kwenye faili la maelezo na kuliweka stoo. Mzee akaketi, akaandika, akasukuma. Kisha kwa mazoea akaanza kuinuka aende kwenye kompyuta ya mashine kuiwasha.

"Kaa tu, Mzee," akasema Msomi.

Kwenye kioo, seva ilikuwa imeshaliona badiliko. Ikachukua maelezo, ikawasha mashine yenyewe, ikasaga kodi, ikaijaribu, ikaipeleka kwenye simu ya majaribio iliyokuwa mkononi mwa katibu. Ikaitupa ile kodi iliyobaki, maana haikuwa na haja ya kuihifadhi. Simu ya katibu ikalia. Akaitazama, akabonyeza.

"Asubuhi," akasema. "Na jioni. Ng'ombe wangu amerudi kuwa jike."

Makofi yakapigwa. Mzee alipiga pia. Alikuwa bado anaangalia kioo.

"Imetoka?" akaniuliza.

"Imetoka, Mzee."

"Na hakuna aliyeiwasha."

"Hakuna."

Bosi akasimama. Alisema anataka wote tusikie: kwamba Mzee alikuwa sahihi tangu mwanzo, kwamba kodi inayozaliwa na mashine haikai stoo, kinachokaa ni maelezo na mashine yenyewe, na kwamba kuanzia leo hiyo ni sheria ya ofisi hii. Ilikuwa sheria nzuri. Vijana wanaoanza kazi hii wakiniuliza leo, ninawapa hiyo hiyo, neno kwa neno. Sijapata bora yake.

"Kwa hiyo, Mzee," akamalizia, "tunashukuru sana."

Mzee akangoja sentensi iendelee. Haikuendelea.

"Mpaka mwisho wa mwezi?" akauliza.

"Usijisumbue, Mzee. Leo inatosha."

Watu wakaanza kurudi mezani. Mzee akachukua koti lake, akafika mlangoni, kisha akarudi. Akainama nyuma ya Msomi, akaweka kidole kwenye kioo.

"Hapa kwenye kipimo cha maji. Ukiacha hivi, masika itakusumbua, maziwa huwa mepesi na simu itasema yametiwa maji. Weka kiwango kishuke kidogo."

"Sawa, Mzee," akasema Msomi bila kugeuka. "Tutaangalia."

Mzee akabaki na kidole hewani kidogo. Kisha akakirudisha mfukoni, akaenda mlangoni, akasimama pale kama mtu anayesubiri chenji. Hakuna aliyeinua kichwa. Mimi niliinua. Tukaangaliana, akanikonyeza, akashuka.

Msomi alipoondoka kwenda kunawa, nilienda mezani kwake nikaangalia. Alikuwa ameshakishusha kile kiwango. Seva ilikuwa imeshasaga, imeshapeleka. Kesho yake vituo vyote vilipima maziwa ya asubuhi na ya jioni, na hakuna karani hata mmoja aliyepiga simu kuuliza kitu.